Scrum au Kanban: timu yako ianze na ipi?

Kiongozi wa timu akiitwa na mkurugenzi wake na kuambiwa kwamba kuanzia robo ijayo ya mwaka idara nzima itafanya kazi kwa njia ya ajaili (kwa Kiingereza agile), yaani kwa hatua fupi zinazorekebishwa njiani, swali linalomkabili ni la Jumatatu asubuhi: timu ikishaketi, ianze kufanya nini ambacho Ijumaa haikuwa ikikifanya? Kwa timu nyingi jibu huwa moja kati ya mawili, Scrum au Kanban, na mara nyingi uchaguzi hufanywa kwa sababu zisizohusu kazi yenyewe. Labda mmoja wao alipata kuhudhuria mafunzo ya Scrum, au kampuni ya jirani ina ubao wa Kanban ukutani na inaonekana inafanya vizuri. Mimi nimeziongoza timu mbili katika mabadiliko haya, zote katika taasisi za fedha jijini Dar es Salaam, na kwa timu ya kwanza nilichagua vibaya. Ulinganisho huu ndio ambao ningefurahi kuukuta siku zile kabla sijaamua.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue anapopelekwa. Zote mbili ni njia nzuri, na zote zimeshasaidia watu wengi. Tofauti kubwa iko katika kile ambacho kila moja inamdai kiongozi na wakubwa walio juu yake. Kwa hiyo mambo mawili yanapaswa kutangulia mengine yote katika uamuzi: kwanza, kazi huingiaje kwenye timu, pili, je, wakubwa wako tayari kuacha kupachika kazi mpya wakati timu imekwisha kuanza safari? Programu ya kompyuta ya kufuatilia kazi, vyeti, rangi za vikaratasi, hayo yanaweza kungoja.

Kila moja ilizaliwa na tatizo lake

Jina la ajaili kwa maana tunayoitumia leo lilishika Februari 2001, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi la maadili manne lililofuatwa na kanuni 12. Scrum ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Jeff Sutherland alianza kuitumia mwaka 1993, na mwaka 1995 yeye na Ken Schwaber wakaieleza hadharani kwa wanataaluma wenzao. Neno lenyewe linatoka kwenye mchezo wa raga, nalo lilikuwa limekwisha kutumiwa mwaka 1986 na wasomi wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliozifananisha timu zinazobuni bidhaa mpya na wachezaji wanaosogea uwanjani kwa pamoja huku wakipasiana mpira. Bidhaa mpya, jambo ambalo hakuna anayejua kwa hakika litakavyokuwa, ndilo lililokuwa mawazoni mwao, na alama hiyo ya kuzaliwa bado inaonekana kwenye Scrum hadi leo.

Kanban ilizaliwa kiwandani. Taiichi Ohno wa Toyota alivutiwa na jinsi maduka makubwa ya Marekani yanavyojaza rafu: bidhaa huletwa kwa sababu mteja amechukua iliyokuwapo, wala hairundikwi kwa matumaini kwamba mteja atakuja. Akaleta kadi za ishara, na kadi ndiyo iliyoruhusu sehemu moja ya kiwanda kuitengenezea sehemu inayofuata. Mwaka 2004 David Anderson, akiwa Microsoft, akaanza kuipeleka fikra hiyo kwenye kazi za ofisini ambazo hazishikiki kwa mkono. Hapa tatizo ni foleni: kazi zinajulikana, zinaingia kila siku, nazo hazitoki.

Wanaoanza huwa nawaeleza hivi. Scrum ni pantoni ya Kigamboni: inapakia, inafunga mlango, inavuka, na aliyechelewa anasubiri safari ijayo. Kanban ni saluni yenye viti viwili, ambamo mteja wa tatu hakai mpaka kiti kimoja kiwe wazi, hata kama kinyozi anamfahamu na anamheshimu sana.

Jumatatu ya kwanza

Scrum inabadilisha mambo mengi kwa siku moja. Mwongozo wake rasmi, ambao toleo la mwaka 2020 ni kurasa 13 tu na hupatikana bure, unataka timu ya watu wasiozidi 10 yenye nafasi tatu za uwajibikaji. Yuko mwenye bidhaa, anayepanga kipi kitangulie. Yuko Scrum Master, anayeilea timu na kuiondolea vikwazo. Na wako watengenezaji, wanaofanya kazi yenyewe. Kazi hugawanywa katika mizunguko inayoitwa sprinti, kila mmoja usiozidi mwezi, ingawa timu nyingi huchagua wiki mbili. Mzunguko huanza kwa kikao cha kupanga, huwa na kikao cha dakika 15 kila siku, na humalizika kwa kikao cha kuwaonyesha wadau kilichokamilika, kisha kikao cha timu yenyewe kujitathmini.

Ukiyasoma hayo yanaonekana mepesi, lakini uyapime kwa macho ya mtu aliyekuwa meneja wa mradi hadi Ijumaa. Katika Scrum cheo chake hakipo. Watengenezaji ndio wanaopanga nani afanye nini, mwenye bidhaa ndiye anayeamua kipi kitangulie, na yeye aliyezoea kugawa kazi kila asubuhi anajikuta hana la kugawa. Nimemwona mtu mzima, hodari wa kazi, akikaa kimya wiki nzima kwenye vikao kwa sababu hakuambiwa sasa yeye ni nani. Kiongozi anayechagua Scrum anapaswa kuzungumza na mtu wa namna hii ana kwa ana, mapema, kabla mpango haujatangazwa kwa wote, na ampe jibu lenye jina la kazi ndani yake. Wengine huwa wenye bidhaa wazuri sana kwa sababu wanawajua wateja. Wengine hawafai kabisa kuwa Scrum Master, kwa kuwa mkono umezoea kuamrisha, na ni afadhali kulisema hilo kuliko kuwapa nafasi kwa kuwatunzia heshima.

Kanban inaingia kwa adabu zaidi. Kanuni yake ya mwanzo ni kuanza na mnachokifanya sasa, na hapo mwanzoni kuheshimu vyeo na majukumu yaliyopo. Jumatatu ya kwanza hakuna anayepoteza nafasi yake. Mnachora ubao wenye safu zinazofuata njia halisi ya kazi, kwa mfano imepokelewa, inachambuliwa, inatengenezwa, inajaribiwa, imepandishwa kwa wateja. Kila kazi inaandikwa kwenye kikaratasi chake. Halafu mnaweka kikomo cha kazi zinazoruhusiwa kukaa katika kila safu.

Kikomo ndicho moyo wa Kanban, na ndicho kinachoachwa mara nyingi kuliko vyote. Timu huchora ubao, hubandika vikaratasi, hufurahia rangi zake, na safu ya "inatengenezwa" ina vikaratasi 23 kwa watu watano. Hapo mabadiliko hayajaanza. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kihesabu jambo ambalo kila anayesimama kwenye foleni analijua mwilini: kwa wastani, muda ambao kazi inakaa ndani ni sawa na idadi ya kazi zilizo mkononi ikigawanywa kwa kasi ya kuzimaliza. Timu yenye kazi 30 mkononi inayomaliza tano kwa wiki itamfanya kila mteja asubiri wiki sita. Ikiweza kushikilia kazi 10 tu kwa kasi ileile, mteja anasubiri wiki mbili tangu kazi yake inapoanza kushughulikiwa, na hakuna aliyeongezewa saa moja ya kazi.

Upole huo wa Kanban una bei yake. Kwa kuwa hailazimishi kitu siku ya kwanza, idara isiyotaka kubadilika inaweza kuishi nayo miaka miwili bila kubadilika. Scrum husumbua mapema, na usumbufu huo huwafanya watu wazungumze; Kanban inamtaka kiongozi mwenye subira ya kurudi kwenye ubao kila siku na kuuliza kwa nini kikaratasi hiki kina siku 12 mahali pamoja.

Kazi inavyoingia mlangoni

Hapa ndipo nilipokosea. Timu yangu ya kwanza ilikuwa na watu saba, na kazi yake ilikuwa kuutunza mfumo uliokuwa ukitumiwa na matawi yote: kurekebisha hitilafu, kuongeza ripoti, kujibu madai ya wakaguzi, kubadilisha viwango vya tozo. Tukaanzisha Scrum kwa sprinti za wiki mbili. Jumatatu tulipanga kazi tisa kwa makini. Jumatano tawi moja likashindwa kufunga hesabu za siku, Alhamisi wakaguzi wakaomba taarifa ya miezi sita, na Ijumaa ya wiki ya pili tulikuwa tumemaliza kazi 11, lakini nne tu zilikuwa miongoni mwa zile tisa. Katika kikao cha maonyesho tukawaonyesha wadau ahadi tano zilizovunjika. Kijana aliyekuwa amefanya kazi hadi saa tatu usiku mara mbili katika wiki ile alitoka ameinamisha kichwa, kana kwamba ni mvivu. Hilo ndilo ninalolijutia mpaka leo, kwa maana kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyeipakia foleni ya hospitali kwenye pantoni.

Kisa kinachojulikana cha Microsoft kinafanana na hicho kuliko nilivyodhani. Timu ndogo iliyokuwa Hyderabad, India, ilikuwa ikirekebisha programu za ndani za kampuni, na ombi lilichukua kama miezi mitano kukamilika. Walipochunguza waligundua kwamba sehemu kubwa ya muda ilikuwa inaliwa na kukadiria: kila ombi lililoingia lilipaswa kukadiriwa, hata kama lingesubiri miezi kadhaa. Wakaacha makadirio hayo, wakaifupisha foleni, na wakawaachia wateja wenyewe wakubaliane kipi kiingie nafasi ikipatikana. Ndani ya takriban miezi tisa muda ulishuka hadi wiki mbili hivi. Scrum ingeweza kuwasaidia kwa mengine, lakini tatizo lao lilikuwa foleni.

Upande wa pili upo mfumo wa majalada wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ulioitwa Sentinel. Jaribio lililotangulia lilitupwa mwaka 2005 baada ya kugharimu dola milioni 170 hivi. Sentinel ikaanza mwaka 2006 kwa mkandarasi, Lockheed Martin, kwa hatua ndefu zilizopangwa mapema, na kufikia mwaka 2010 ilikuwa imetumia takriban dola milioni 405 kati ya bajeti ya milioni 451 huku kazi nyingi ikiwa bado. Mwaka huo shirika likaichukua kazi mikononi mwake, likaunda timu ndogo zaidi, likaanza kufanya kazi kwa sprinti za wiki mbili, na tarehe 1 Julai 2012 mfumo ukaanza kutumiwa na wafanyakazi wake. Kuna jambo la kulitazama kwa makini hapo: ilikuwa bidhaa moja, yenye lengo moja, na wadau waliopaswa kuonyeshwa kitu kinachofanya kazi kila baada ya wiki mbili ili waseme kama ndicho walichokitaka. Kwa kazi ya namna hiyo Scrum haina mshindani wa karibu. Kikao cha maonyesho ndicho kinachoizuia timu kujenga kwa miaka minne kitu kisichohitajika.

Kazi zenye tarehe za sheria zinahitaji neno la pekee, kwa kuwa huku kwetu ni nyingi. Kila Juni bajeti husomwa bungeni Dodoma, na Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai; timu za benki, za bima na za kampuni za simu zinajua kwamba kodi au tozo ikibadilika, mfumo unapaswa kuwa tayari asubuhi ya siku hiyo, wakati maneno ya mwisho ya sheria yanaweza kupatikana siku chache tu kabla. Kanban ina pa kuliweka jambo hili: aina ya kazi yenye tarehe isiyosogezwa, ambayo huanzishwa mapema kiasi cha kutosha na kupita mbele ya nyingine ikibidi. Katika Scrum jambo hilo linawezekana pia, ila kiongozi anapaswa kuipanga sprinti ya mwisho ya Juni ikiwa na nafasi tupu, na kuilinda nafasi hiyo isijazwe na mtu mwenye ombi zuri. Nafasi tupu kwenye mpango ni kitu kigumu sana kukitetea mbele ya kamati.

Simu ya saa nne asubuhi

Msomaji aliye ofisini ataifahamu simu hii. Mkurugenzi anapiga: "Bwana, ile ripoti ya mawakala inahitajika leo. Mpe kijana mmoja aimalize." Nami nilikuwa najibu, "Sawa, mkurugenzi." Maneno mawili. Katika Scrum maneno hayo mawili yanavunja mkataba ambao timu nzima iliuweka Jumatatu. Mwongozo unasema kwamba wakati wa sprinti hayafanywi mabadiliko yanayohatarisha lengo lake, kwamba kiasi cha kazi kinaweza kujadiliwa upya na mwenye bidhaa, na kwamba mwenye bidhaa peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuifuta sprinti. Ili kanuni hiyo iwe na nguvu, lazima mwenye bidhaa awe mtu ambaye mkurugenzi anaweza kumsikiliza akisema hapana. Katika taasisi nyingi nilizoziona, mwenye bidhaa ni ofisa wa ngazi ya kati aliyepewa jina hilo juu ya kazi zake za zamani. Hawezi kumwambia mkurugenzi hapana, wala haifai kumlaumu kwa hilo. Amewekwa mahali ambapo hana pa kushika.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua Scrum, kiongozi akamwone mkurugenzi na amuulize waziwazi: je, uko tayari kwa wiki mbili usipitishe kazi kwa mtu yeyote isipokuwa kwa mwenye bidhaa, na je, utaukubali uamuzi wake? Jibu likiwa ndiyo, na likasemwa pia mbele ya timu, Scrum ina ardhi ya kusimama. Likiwa "tutaangalia", ni hapana iliyosemwa kwa upole.

Kanban haimwombi mkurugenzi aache kupiga simu. Inambadilishia jibu analolipata. Katika timu ya pili, yenye watu sita na kikomo cha kazi tano, nilijifunza kujibu hivi: "Inawezekana leo, mkurugenzi. Tuna tano mkononi, na mojawapo ni ile ya matawi uliyoiagiza juzi. Tuisimamishe ipi?" Mara ya kwanza alikasirika kidogo. Mara ya tatu alishuka mwenyewe hadi kwenye ubao, akasimama na kikombe chake cha chai akivisoma vikaratasi kimoja kimoja, kisha akasema ripoti inaweza kusubiri hadi Alhamisi. Hakuna aliyemkatalia, alikiona kile ambacho ombi lake lingekiondoa. Tuliweka pia njia ya dharura, mstari mwekundu juu ya ubao, wenye nafasi moja tu. Dharura ya pili husubiri ya kwanza iishe, na tangu nafasi iwe moja, neno dharura limerudi kuwa na maana yake.

Ndiyo maana nasema kwamba palipo na mkubwa asiyeweza kuambiwa hapana, Kanban ina nafasi kubwa zaidi ya kufaulu.

Nani anasema kwanza

Kikao cha kusimama cha kila siku kipo katika njia zote mbili, lakini namna ya kukiendesha hutofautiana, na kwetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoelezwa kwenye mafunzo. Timu nyingi za Scrum bado huzunguka mtu kwa mtu kwa maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha. Toleo la mwongozo la mwaka 2020 liliyaondoa maswali hayo, ila mazoea yamebaki. Sasa mweke kwenye duara hilo binti wa miaka 24 ambaye kazi yake imekwama kwa sababu mzee mmoja, mwenye miaka 20 kazini, ambaye kila asubuhi humpa shikamoo, hajaipitia kwa siku tatu. Atasema, "Naendelea vizuri." Baada ya kikao, saa tano, nitapata ujumbe wake kwenye simu: "Samahani bosi, ile kazi bado iko kwa mzee, naona nisimsumbue."

Timu ya Kanban kwa kawaida husoma ubao kuanzia kulia, upande wa kazi zilizo karibu kumalizika, kwenda kushoto. Swali huelekezwa kwa kikaratasi: hiki kina siku tatu kwenye safu ya mapitio, kinahitaji nini ili kisogee? Hapo binti hajamshitaki mtu, na mzee hajavunjiwa heshima, mara nyingi ni yeye mwenyewe anayesema, "Hicho kipo kwangu, nitakimaliza kabla ya adhuhuri." Kuna watakaosema kwamba tunapaswa kuivunja hali hiyo ya vijana kuogopa kusema. Mimi naona heshima kwa wakubwa si ugonjwa wa kutibiwa na mbinu ya kazi. Inatosha kazi iliyokwama ionekane bila mtu kulazimika kuwa jasiri. Kiongozi wa Scrum anaweza kuuazima utaratibu huu wa kusoma ubao bila kuvunja kanuni hata moja, na namsihi afanye hivyo tangu wiki ya kwanza.

Kikao cha kujitathmini, kwa upande mwingine, ni zawadi ya Scrum ambayo Kanban haikupi kwa lazima. Kila mwisho wa sprinti timu inajifungia na kujiuliza imefanyaje kazi. Ukichagua Kanban, kiweke mwenyewe kwenye kalenda, la sivyo kitasahaulika kwa kuwa hakuna mwisho wa sprinti wa kukukumbusha. Vijana waandike hoja zao kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajazungumza, na kiongozi awe wa mwisho kusema.

Namba zinazopelekwa juu

Scrum huenda pamoja na desturi ya kukadiria kazi kwa pointi, yaani namba za kulinganisha ukubwa wa kazi moja na nyingine, na kupima pointi ngapi zimekamilika kila sprinti. Kipimo hicho hakimo kwenye mwongozo wenyewe, na ni kizuri kikibaki ndani ya timu. Kikipanda ghorofa moja kinaharibika: mkubwa akiona timu moja ina pointi 40 na nyingine 25, atauliza kwa nini, na baada ya robo mbili timu zote zitakuwa na 60 bila kazi kuongezeka. Kanban hupima siku tangu kazi inapoanza hadi inapomfikia mteja. Taarifa yake husomeka hivi: katika kazi 20 zilizopita, 17 zilikamilika ndani ya siku tisa. Mkurugenzi wa fedha anaielewa sentensi hiyo bila kufundishwa, na anaweza kumwahidi mteja kwa kuitegemea. Kwa upande huu sina shaka yoyote: hata timu ya Scrum ipeleke juu siku, pointi ibaki nazo.

Timu zikiwa nyingi

Shirika kubwa litasikia pia habari za SAFe, mfumo ulioasisiwa na Dean Leffingwell mwaka 2011, unaoziunganisha timu zenye jumla ya watu 50 hadi 125 katika mpango wa pamoja wa wiki 8 hadi 12. Litasikia pia mpangilio wa timu wa Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni, ulioelezwa mwaka 2012, ambao benki ya ING ya Uholanzi iliufuata mwaka 2015 ilipowapanga wafanyakazi 3,500 wa makao yake makuu katika timu 350 hivi za watu tisa tisa. Kwa taasisi yenye timu tatu au nne za mifumo, hayo ni mzigo wa mapema. Timu nne zinaweza kukutana nusu saa kila wiki mbele ya ubao mmoja unaoonyesha kazi zinazotegemeana, na kwa muda mrefu hiyo inatosha.

Uamuzi wenyewe

Timu inayojenga bidhaa moja mpya, yenye mwenye bidhaa anayesikilizwa na mkurugenzi, na wadau walio tayari kuja kuangalia kila baada ya wiki mbili, ianze na Scrum. Ichague sprinti za wiki mbili, isizipunguze wala kuzirefusha kila mambo yanapobana, na meneja wa zamani apewe kazi yenye jina. Timu inayopokea maombi kutoka pande nyingi, inayotunza mfumo uliopo, au iliyo chini ya wakubwa wanaobadilisha vipaumbele katikati ya wiki, ianze na Kanban, na kikomo kiwekwe siku ileile ubao unapochorwa, hata kama ni kikomo kikubwa cha kupunguzwa baadaye. Timu iliyo katikati, nusu bidhaa mpya na nusu matengenezo, nisingeichanganyia njia mbili mwanzoni. Ningewatenga watu wawili kwa zamu wapokee matengenezo kwa ubao wa Kanban, na waliobaki waendeshe sprinti zao bila kuguswa, ikiwa watu wanatosha. Wakiwa chini ya watano hawatoshi. Wote waanze na Kanban.

Na kama bado hujui timu yako iko upande gani, usiulize maoni kwanza. Chukua daftari la kawaida na kwa wiki mbili kamili andika kila kazi inayoifikia timu: siku, saa, aliyeileta, njia aliyoipitia, iwe barua pepe, simu, WhatsApp au kusimamishwa kwenye ngazi, na kama ilikuwa kwenye mpango wa wiki hiyo. Mimi nilifanya hivyo na timu ya pili, tukapata kazi 46, na 29 kati yake hazikuwa kwenye mpango wowote. 11 ziliingia kwa WhatsApp moja kwa moja kwenye simu za vijana, bila mimi kujua. Kwa kipimo changu, theluthi moja ya kazi za nje ya mpango inatosha kuielekeza timu kwenye Kanban. Ikiwa ni chini ya moja kwa kumi, chukua daftari hilo, nenda nalo kwa mkurugenzi, na umwombe ile ahadi ya wiki mbili.